Mishono ya Nesi

Sehemu ya tisa

Waliochelewa nawasogezea kigoda, kisha tuendelee. Mimi ni fundi wa mabegi. Kibanda changu kilivunjwa kupisha barabara, nikahamishia kazi barazani kwangu. Rafiki niliyemwachia cherehani ya ngozi akahama mji pamoja nayo. Halafu tukamzika kaka yangu, wa pili ndani ya miaka miwili, nikabaki mtoto pekee wa mama.

Kwa miezi mingi baada ya siku ile sikulia. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza. Ilikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi: unaigusa kwa ulimi, unajua ni yako, lakini haikuambii kitu.

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni nimeshika barua ya shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anayeishi katika nchi moja kubwa, mbali huko ambako sisi tukiamka wao ndio wanakwenda kulala. Muuza magazeti wa kona amenisimamisha mara nne kuniuliza barua ilisema nini.

Ilisema njooni mtembee. Nyinyi wawili na watoto wenu wawili, wiki tatu, mkaone dunia baada ya misiba.

Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Nesi kwa sababu ndivyo alivyo, aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare yake ya hospitali. Hakutabasamu. Sikuuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijatabasamu miezi mingi.

Chai haijapoa, habari imeshazunguka.

Barazani kwangu hapakauki watu, na sipendi pakauke. Mtu akija na zipu iliyokwama hukaa mpaka jua lizame, na zipu yenyewe nimeitengeneza kwa dakika tano. Basi siku zile walijaa kama kuna harusi. Kinyozi wa mlango wa pili aliacha kichwa cha mteja nusu ili aje kutushauri. Yeye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kumsindikiza binamu yake uwanja wa ndege, lakini kuhusu ndege hakuna asichokijua. Alituambia tusikae nyuma, tusikae mbele, na katikati tusilale.

Mwalimu naye akaja, mstaafu anayekaa nyumba ya ghorofa, na atlasi yake ya shule, jalada limefungwa kwa raba.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwenye atlasi ile kila nchi imepewa ukurasa wake mmoja. Nchi yetu ukurasa mmoja. Nchi ya shemeji ukurasa mmoja. Mwalimu alizilaza mbele yetu zikatoshana kama shuka za pacha. Mimi nikatoa futi yangu ya kamba. Kutoka kwenye maporomoko makubwa ya maji hadi jangwani, vidole vinne. Nikafungua ukurasa wetu. Vidole vinne ni kutoka hapa hadi alikozaliwa mama: unaondoka umeshakunywa chai, unafika sufuria la mchana halijateremshwa.

"Mwendo wa asubuhi," Mwalimu akakata kauli.

Vitarakimu vya kipimo vilivyoandikwa chini ya ukurasa hakuna aliyevitazama. Baadaye sana nilikumbuka kwamba Mwalimu alikuwa akifundisha michezo na kuimba.

Tukapanga. Binti yetu mkubwa, miaka kumi na minne, tunamwita Wakili kwa kuwa hajawahi kushindwa kwa maneno, ndiye aliyeshika kalamu. Siku ya nne: chai kwenye maporomoko, chakula cha mchana jangwani, kulala kwa mama mkubwa. Siku ya tano: mlima wenye theluji, kisha ziwa, kurudi mapema tupumzike. Kinyozi akaomba tupigwe picha kwenye theluji tumevaa fulana yenye jina la kibanda chake cha kunyolea. Mwalimu akataka tumletee kokoto moja kutoka jangwani. Muuza magazeti naye akadai aone picha ya ng'ombe wa kule, eti amesikia ni wakubwa kuliko magari.

Mdogo wetu, Kifungo, ana miaka sita. Akauliza kama bibi naye anakwenda.

"Bibi analinda nyumba," Nesi akasema.

Mazungumzo yakaendelea. Nesi alikuwa ameketi karibu na mlango, viatu vya kazini bado miguuni. Wakamuuliza yeye anataka kuona nini. Akasema chochote. Nikadhani ni uchovu wa wodi.

Zikabaki wiki tano kabla ya safari.

Mimi nina utaratibu wangu wa kazi. Begi likifika mkononi mwangu, hata kama mwenyewe analalamikia gurudumu tu, naligeuza, navuta mkono wake mara kumi, nafungua zipu zote, kisha napitisha kiganja ndani ya bitana, kile kitambaa cha ndani, kona mpaka kona. Bitana ndiyo inayosema ukweli. Nimewahi kukuta humo meno ya dhahabu. Nimewahi kukuta talaka.

Sasa fundi wa mabegi asafiri na familia yake, halafu gurudumu limfie uwanja wa ndege mbele ya watu? Bora nisiende. Asubuhi moja, Nesi yuko zamu na watoto wako shule, nikayashusha mabegi yetu yote juu ya kabati, nikayatoa barazani. Kinyozi alikuwa na wateja, kwa hiyo siku hiyo, kwa mara ya nadra, nilikuwa peke yangu.

Langu zima. La watoto linahitaji ribiti mbili. La Nesi, lile la bluu, nikapitisha kiganja.

Kona ya chini bitana ilikuwa nene.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya, na aliyeshona hakuwa fundi. Fundi hushona mfululizo, uzi mmoja unakwenda mpaka mwisho. Pale kila mshono ulikuwa peke yake, umefungwa fundo lake, umekatwa, kisha ukaanza mwingine pembeni. Mishono ya namna ile nimeiona mahali pamoja tu: kwenye paja la Kifungo alipochanwa na bati, na aliyemshona ni mama yake.

Nilihesabu mafundo. Arobaini na moja. Nikayakata yote.

Humo mlikuwa na bahasha ya nailoni. Ndani yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kadi zao za chanjo. Cheti chetu cha ndoa. Barua mbili za uhamisho kutoka shuleni kwao, zenye mhuri, zikisema wanafunzi hawa hawatarudi muhula ujao. Barua ya Nesi ya kuacha kazi, nakala, imegongwa neno "imepokelewa". Na barua nyingine, ndefu, kutoka hospitali ya huko kwa shemeji: anatakiwa kazini siku ya Jumatatu, wiki moja baada ya sisi kutua.

Chini kabisa, cheti changu cha ufundi. Cha darasa la saba pia. Na cha kuzaliwa kwangu.

Mtu anayekwenda kutazama maporomoko ya maji habebi cheti cha darasa la saba cha mumewe.

Nilikaa. Ningepaswa kupandwa na jazba, au moyo kunienda mbio, kitu chochote kile. Nilingoja kije. Hakikuja. Nikatunga uzi kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia na turubai, nikarudisha bahasha mahali pake, nikashona kama alivyoshona yeye. Fundo, kata. Fundo, kata. Kwenye fundo la thelathini na kitu shazia ilipita bitana ikaingia kidoleni mpaka karibu itokeze upande wa pili. Niliichomoa kama ninavyoichomoa kwenye turubai. Damu nikaiona kabla sijaihisi.

Nesi alirudi saa kumi jioni.

"Umeyatazama mabegi, Baba Wakili?"

"Nimeyatazama."

"Na langu?"

"Lako zima. Gurudumu moja lilikuwa linalia, nimelitia mafuta."

Akanitazama usoni, kisha mkononi. Akaingia ndani, akatoka na dawa na kitambaa. Alinisafisha kidole, akakifunga taratibu, akaukunja mwisho wa kitambaa kwa ndani usining'inie. Anaifanya kazi ile vizuri sana. Sikuwahi kumwambia. Hata siku ile sikumwambia.

"Sindano yenye kutu?" akauliza.

"Safi."

"Basi."

Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote, na ndoa yetu ina miaka kumi na sita.

Siku kumi na moja nilijitia hamnazo. Nilikaa barazani, nikacheka Kinyozi anapochekesha, nikapima vidole kwenye atlasi, nikaongeza na bonde jekundu siku ya tisa. Mchana naitikia, "Tukirudi tutawasimulia." Nikisema "tukirudi", Nesi anainuka kwenda kutazama jiko.

Msinielewe vibaya. Kilichonikaa kooni hakikuwa Nesi. Mke kutaka maisha mengine si ajabu. Mimi mwenyewe haya niliyonayo nisingeyachagua. Kilichonikaa kooni ni mama. Miaka sabini na tatu, watoto watatu, wawili wako chini. Nikipanda ndege nisirudi, atamwita nani siku akianguka bafuni?

Siku ya kumi na mbili nikaenda kwake, mitaa miwili kutoka kwangu.

Mama alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita. Hata baada ya kustaafu watu humletea karatasi zao: za kiwanja, za kuhamisha mtoto shule, za mirathi. Yeye hujaza kwa wino mweusi, haachi kisanduku hata kimoja kitupu, na mtu hutia sahihi palipowekwa alama ya penseli. Sijawahi kumwona mtu akisoma kwanza. Kusoma kazi ya mama ni kama kumhesabia daktari vidonge alivyokupa.

Nilimkuta mezani, miwani puani, fomu zetu nne za ubalozi mbele yake.

"Mama, Nesi harudi. Anakwenda moja kwa moja."

Hakuinua kichwa. "Kaa. Usinitikisie meza."

Nikakaa.

"Vyeti vyako ulikuwa unaviweka wapi?" akauliza.

"Kwako. Ndani ya sanduku lako la bati."

"Na ufunguo?"

Ufunguo wa sanduku lile uko kwenye uzi, shingoni kwake, tangu sijaota meno.

Nikamtazama. Akaendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari, akaweka nukta, ndipo akavua miwani.

Aliniambia yote kwa sauti ileile ya mtu anayesoma orodha ya mashauri ya asubuhi. Kwamba wiki moja baada ya mazishi alimwita Nesi, akamwambia mtoe huyu hapa. Kwamba Nesi alikataa mara mbili, akisema hawezi kumdanganya mume wake. Kwamba ni yeye mama aliyemwandikia shemeji, akamwomba alete barua ya matembezi, maana ya kuhama nisingeifungua.

"Ungejua usingepanda ndege," akasema. "Ungekaa hapo barazani ukinitazama nazeeka, na wewe unazeeka pembeni. Unacheka na watu, lakini mimi nakuona. Umeshaanza kulala humohumo kaburini walimo ndugu zako."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na kiti changu. Hakinijibu vibaya."

"Mama."

"Nimezika wawili. Wewe sitaki nikuzike. Nataka nikusikie kwenye simu, unikere."

Pale mtu mwingine angeangua kilio. Mimi nilitazama kalamu yake. Nikamwambia siendi. Akasema usaili ni Alhamisi, nivae shati jeupe, na Nesi asijue kwamba najua, kwa sababu ameshaacha kazi na watoto wameshatolewa shule, akipata hofu sasa atatetemeka mbele ya wale watu na wote wanne tutakosa. Akasukuma fomu yangu.

"Tia sahihi kwenye penseli."

Nikatia. Nilijiambia nampa muda, nitakataa baadaye. Nimekuwa mtu wa baadaye siku hizi.

Alhamisi tulikwenda. Ukumbi wa ubalozi una viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni kwa ribiti, ribiti nzuri, na feni inayogeuka bila kuleta upepo. Unaitwa kwa namba. Wakili alikuwa amechapisha mpango wetu wa safari kurasa tatu, ukiwa na mistari ya rangi. Kifungo alikuwa amekaririshwa neno moja: "Kutembea."

Dirisha la nne, afisa alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo, anazungumza Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Alitusalimu vizuri. Akamuuliza Kifungo mnakwenda kufanya nini, akajibiwa. Akatabasamu. Nesi alishusha pumzi, nikaisikia.

Kisha afisa akachukua zile kurasa tatu. Alisoma ya kwanza. Akairudia.

"Siku ya nne," akasema, "mnakunywa chai hapa, na mchana mnakula hapa. Mnajua kuna umbali gani kati ya mahali hapa pawili?"

Wakili, ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno, akasogea kwenye kioo.

"Vidole vinne," akasema.

Afisa hakucheka. "Ni mwendo wa saa tano kwa ndege, binti yangu. Na kutoka jangwani mpaka nyumbani kwa mama yako mkubwa ni saa nyingine nne."

Akageuza ukurasa wa pili. Wa tatu. Mimi nikaona uso wake unavyofungwa, kama duka. Mpango wetu mzima, kazi ya mtaa mzima, kitu cha pekee katika safari ile kilichokuwa cha kweli kabisa, ulisomeka mbele yake kama uongo wa watu wasio na haja ya kuona maporomoko wala jangwa.

"Mama na watoto, tafadhali kaeni pale nyuma," akasema. "Nitazungumza na baba."

Nesi alisita. Mkono wake ukagusa mgongo wangu, mara moja, akaondoka na watoto. Nikabaki na kioo.

"Baba, watu wanaokwenda kutembea hurudi kwa sababu kuna kitu kinawavuta nyumbani. Wewe una kazi ya barazani. Nyumba ni ya kupanga. Mke na watoto unakwenda nao. Nani unamwacha hapa ambaye lazima umrudie?"

Sikuwaza. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, jibu lilitoka kabla sijalitafuta.

"Mama yangu."

Afisa akatazama fomu yangu. Akaivuta karibu. Akavaa miwani.

"Mama yako?"

"Ndiyo."

Akaigeuza ile karatasi, akaibandika kwenye kioo upande wangu, kidole chake kikiwa katikati ya ukurasa. Wino mweusi. Mwandiko umelala kidogo kulia, herufi hazikushikana, hakuna kisanduku kilichoachwa kitupu. Jina la mama. Chini yake, penye hali ya mzazi: marehemu. Na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo kila mtu huiacha, alikuwa ameandika: "Uzee. Hakuteseka."

Nilisoma mara tatu.

Kwa karani wa mahakama, kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Mama alitaka kukata kamba inayonifunga kwake. Alitaka, siku yoyote huko mbali, nisiwe na karatasi ya kunirudisha. Hakujua kwamba kule dirishani wanaitafuta kamba hiyohiyo.

Na hapa chini, kwenye penseli, sahihi yangu.

Nikisema yupo, fomu ni ya uongo na mwongo ni mimi. Nesi hana kazi, watoto hawana shule, na mlango ule hautafunguliwa tena kwa yeyote kati yetu. Nikisema hayupo, nitakuwa nimemzika mama yangu kwa mdomo wangu, saa nne asubuhi, yeye yuko kwake anaosha kikombe.

Nikageuka. Nesi alikuwa amesimama. Kutoka kule hakuweza kusikia, lakini manesi huusoma uso wa mtu kabla ya vipimo. Kifungo alikuwa amemlalia kiunoni.

Kitu kikaanza kunichoma. Kikaanzia kwenye kile kidole kilichofungwa, kikapanda mkono mzima, kikafika kooni. Kilikuwa na maumivu. Nilikuwa nimeshasahau maumivu yanakaaje.

"Baba," afisa akasema, taratibu, akikwepa kunitazama machoni, "nijibu wewe mwenyewe. Hapa unamwacha mama, au unaacha kaburi?"

Nikainama mpaka kwenye kile kitundu cha kioo, machozi yakidondoka juu ya shati jeupe, nikafungua mdomo.